Pakiti ya Ishirini na Moja

Wifi yangu na mimi hatukupendana tangu siku ya kwanza, na sitaki mtu asome hapa akidhani nitamaliza kwa kusema tulikuja kupatana. Yeye ni dada mkubwa wa mume wangu. Siku nilipopelekwa kwao Butiama kutambulishwa, alinipa mwiko nisonge ugali wa udaga, ule wa muhogo mkavu, mbele ya wanawake wa ukoo. Nikasonga. Alionja tonge moja, akatafuna taratibu kama mtu anayetafuta jiwe kwenye wali, kisha akasema walimu wana kazi nyingi, hawana muda wa kukaza mkono. Wanawake wakacheka. Nina miaka kumi na saba kwenye ndoa hii, na kicheko kile nakisikia hadi leo nikishika mwiko.

Wakati huo nilikuwa nafundisha hisabati shule ya msingi huko Nyegina. Nilifundisha hadi uvumilivu ukaniisha, nikaacha kazi. Watu walinishangaa, wifi akiwa wa kwanza. Lakini nilikuwa na hesabu yangu kichwani. Mtu wa Mara aliyehamia Dar anakula ugali mweupe wa mahindi kwa sababu hana jinsi, na moyoni analilia ule mweusi, wa udaga na mtama, unaovutika na kukaa tumboni hadi kesho. Kulikuwa na duka la mtandaoni huko Dar, lile la watu kuagiza kwa simu na kuletewa mlangoni, limeanza kupokea vyakula vya mikoani. Niliwaandikia. Walijibu kwamba wanataka unga wangu, ila haununuliwi kidogo kidogo. Nipeleke shehena nzima kwenye ghala lao, nao watauza kutoka huko.

Waliniletea na mwongozo, kurasa kumi na tisa. Mwongozo ule niliupenda, sitaficha. Pakiti ya kilo moja, isizidi wala isipungue. Pakiti ishirini kwenye kila boksi. Stika yenye mistari ibandikwe kona ya juu kulia, isiguse selotepu. Idadi ya shehena itangazwe kwenye mtandao wao kabla gari halijaondoka. Na kwenye ukurasa wa mwisho, kwa herufi nzito: mshirika akikosea mara tatu, akaunti yake inafungwa na haifunguliwi tena. Nilisoma nikasema, hatimaye nimepata watu wanaofikiri kama mimi.

Shida ilikuwa udaga. Udaga mzuri hauokotwi njiani. Muhogo unamenywa, unavundikwa mpaka uote ukungu, unakwanguliwa, halafu unaanikwa juu ya mawe siku nyingi za jua kali, na mvua moja ya ghafla inakuachia kitu kinachonuka kama soksi. Butiama nzima wanajua udaga wa nani unanyooka kwenye mwiko na wa nani unakatika. Ulionyooka ulikuwa wa wifi, na wa wanawake waliokuwa wanamletea yeye kwa sababu wanamwamini. Kwa hiyo nilimfuata. Nilimeza mate nikamwomba. Alikubali haraka kuliko nilivyotaka, na juu ya kukubali akasema atakuja kwetu Bweri mwenyewe kusimamia ufungaji, maana unga ukiharibika ni jina lake litakalosemwa. Mumewe alikwishafariki, watoto wameoa na kuolewa, hakuna wa kumzuia. Akaja na begi lake, akakaa chumba cha wageni.

Nyumba yetu Bweri haijaisha hadi leo. Sebule ilikuwa na sakafu ya saruji na madirisha bila vioo, tukaifanya chumba cha kazi. Mimi nilikuwa na mzani, kompyuta na stika. Majirani wawili, mama mtu mzima na binti yake mwenye watoto, walijaza unga na kubana midomo ya pakiti kwa ile mashine ya joto. Wifi alipanga pakiti kwenye maboksi na kuyafunga kwa selotepu. Siku ya kwanza nilisimama mbele yao kama niko darasani. Nikasema boksi moja pakiti ishirini, zisipungue hata moja. Nilirudia mara tatu. Wifi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kanga kiunoni, akanitazama kama unavyomtazama mtu anayekufundisha kuchemsha maji.

Tulikorofishana kwa kila kitu. Alikuwa anazungusha selotepu nyingi mno, boksi linavimba juu kama mtu aliyekula harusini, nami nasema selotepu hainyeshi kutoka mbinguni. Yeye anasema boksi linakwenda mbali, lifungwe vizuri. Nikimwambia anyamaze watu wafanye kazi, anaimba. Akiniambia nile, nasema nimeshiba. Mume wangu alijifunza kutoka asubuhi na kurudi chakula kikiwa mezani, na simlaumu, ingawa wakati ule nilimlaumu sana.

Shehena ya kwanza ilikuwa maboksi thelathini. Ilipokelewa, lakini ikaja barua pepe: “Mpendwa Mshirika, idadi iliyotangazwa hailingani na idadi iliyopokelewa. Tumerekebisha. Hili ni onyo la kwanza.” Nilihisi nimechapwa kofi mbele ya darasa. Mimi, nisiyewahi kukosea jumla ya daftari la mahudhurio. Nikawakusanya, nikawaambia mtu akipunguza tena pakiti moja tu nitamjua. Wifi akauliza kama kuna anayepunguza. Nikamjibu kwamba nimesema nilichosema.

Shehena ya pili ilikuwa maboksi sitini. Nilikwenda Bunda mwenyewe kununua mtama wake. Yule mwanamke ninayenunua kwake alinipimia kama anavyowapimia wote, debe limejaa hadi limeota kilima, na juu ya magunia akanitupia tena makonzi mawili matatu ya nyongeza. Niliipokea nyongeza yake kama ninavyoipokea siku zote, bila hata kusema asante, maana ni haki ya mnunuzi. Wala sikuifikiria. Tulisaga, tukafunga, lori likaondoka Ijumaa.

Jumatano ikaja barua pepe ya pili. Idadi hailingani, shehena nzima imekataliwa, inarudishwa kwa gharama yangu, na hili ni onyo la mwisho. Likitokea jingine, akaunti inafungwa. Nilipiga simu ghalani, akapokea binti mwenye sauti ya kulegea. Nilimuuliza zimepungua pakiti ngapi. Akasema mfumo hauonyeshi, unaonyesha tu kwamba hazilingani. Nikamuuliza binadamu aliyehesabu yuko wapi. Akasema, “Pole, mama,” akakata.

Sasa hapa ndipo ninapoomba msomaji anivumilie, maana nilifanya hesabu. Nilitoa pakiti zote tupu kabatini nikazihesabu. Nilikuwa nimenunua elfu mbili. Shehena ya kwanza zilikwenda mia sita, ya pili elfu moja na mia mbili. Zilitakiwa zibaki mia mbili. Zilikuwepo mia moja na kumi. Pakiti tisini hazipo. Nilihesabu mara ya pili, ikawa vilevile. Kwa mtu wa huku, hesabu isiyolingana ni hesabu iliyopungua, na kilichopungua kimechukuliwa na mtu. Nikakumbuka nilimwona wifi mara mbili akitoka mlango wa nyuma na ndoo iliyofunikwa kitenge, akapanda bodaboda. Nikaona yote mbele ya macho yangu: anajaza unga wangu kwenye pakiti zangu, anauza mjini, huenda anawapelekea wanawake wenzake wa Butiama. Na niseme ukweli, nilifurahi. Miaka kumi na saba nilikuwa nangoja nimkamate kwa kitu, na hatimaye nimemkamata kwa hesabu.

Sikungoja mume wangu arudi. Niliingia sebuleni na pakiti tupu mkononi, majirani wote wawili wapo, nikamwambia wifi asimame. Nikamsomea: elfu mbili, mia sita, elfu moja na mia mbili, mia moja na kumi. Nikamuuliza tisini ziko wapi. Nikamuuliza ndoo ya mlango wa nyuma ilikuwa na nini. Nikasema hapa si shambani kwao ambako kila mtu anachota anavyotaka, hii ni kazi, na kwa sababu yake kazi inakufa. Nilisema na mengine ambayo hayakuhusu unga. Nilisema kuhusu mwiko.

Alisimama taratibu akijishika goti. Unga ulikuwa umempaka hadi kwenye nyusi.

“Unaniita mwizi, wifi? Mbele ya hawa?”

Nikamwambia sijamwita, hesabu ndiyo imemwita.

“Mimi siibagi,” akasema. “Boksi zako zikirudi, fungua.”

Nililiona jibu lile kuwa ni jeuri tupu. Nikamwambia maboksi nitafungua ninapotaka, yeye achukue begi lake. Alikwenda chumbani, akatoka na begi, akapita katikati yetu bila kumtazama mtu. Alipofika mlangoni alirudi, akaokota roli la selotepu aliloliacha sakafuni, akaliweka juu ya meza ili lisikanyagwe. Kisha akaondoka kwao Butiama. Mume wangu aliporudi nilimweleza na hesabu nikamwonyesha kwenye karatasi. Aliisoma muda mrefu. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia kama ana hesabu nyingine ailete.

Siku nne baadaye lori likarudisha maboksi sitini. Nilikuwa nimeshajiandaa kuhesabu upungufu boksi kwa boksi, nimechora hadi jedwali. Mume wangu akachana selotepu ya boksi la kwanza kwa kisu cha jikoni. Nikahesabu safu mbili za kumi, ishirini. Na juu yake, imelazwa ubavu, imebanwa vizuri kati ya safu na kifuniko, pakiti moja zaidi.

Nikasema ni makosa ya boksi hilo. Tukafungua la pili. Ishirini na moja. La tatu, ishirini na moja. Nilimnyang’anya kisu nikafungua yote mwenyewe, yote sitini, nikitafuta hata moja tu lenye pakiti kumi na tisa linitetee. Halikuwepo. Maboksi thelathini ya mwanzo na haya sitini ni maboksi tisini, na pakiti zilizopotea ni tisini. Nilifundisha hisabati miaka kumi na moja. Mtoto wa darasa la tatu angeliona jambo lile kabla hajafika nusu ya ubao.

Yule jirani mtu mzima alikuwa amesimama mlangoni. Nikamuuliza kama alijua. Akasema alijua, na binti yake alijua, kila mtu alijua. Wifi alikuwa akitumia udaga wake mwenyewe, wa shamba lake, aliokuja nao pembeni. Akiusaga mashineni, akirudi na ndoo, akijaza pakiti na kuweka moja juu ya kila boksi. Ndoo niliiona ikitoka. Sikujisumbua kuiona ikiingia.

“Sisi tulidhani umemwambia wewe, mwalimu,” akasema jirani. “Nani anauzaga bila nyongeza?”

Nilimkasirikia jirani. Nilimkasirikia binti wa ghalani, maana neno moja tu, “zimezidi”, lingetosha, lakini kwao kuzidi na kupungua ni kosa moja lenye jina moja. Na nilimkasirikia wifi kuliko wote. Kwa nini hakusema? Nilikaa na swali hilo siku mbili nikilizungusha kama selotepu yake, na jibu nilikuwa nalijua tangu mwanzo, kwa sababu na mimi nimezaliwa huku. Nyongeza haitangazwi. Mtu akikuambia tazama nimekuongezea, ameshaichukua tena. Unaitupia juu wakati mnunuzi anageuka, basi. Na mimi nilisema zisipungue. Mara tatu. Zisizidi sikusema hata mara moja, kwa sababu haikunijia akilini kwamba kuna mtu ataongeza kitu kwenye mali yangu, hasa yeye.

Shehena ya tatu nilifunga mimi. Nilitoa pakiti moja moja kutoka kila boksi la zamani kwa vidole vyangu, nikahesabu ishirini, mume wangu akahesabu ishirini, jirani akahesabu ishirini. Pakiti sitini zilizotoka nilizipanga pembeni, kwa sababu hazikuwa zangu. Ghala likapokea yote bila neno. Ilikuja barua pepe ya kunipongeza, ina picha ya kidole gumba. Wiki mbili baadaye wakaandika kwamba unga umekwisha, nilete maboksi mia moja.

Na udaga nilikuwa sina. Hapo ndipo nilipokwenda Butiama. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kuomba radhi. Nilikwenda kuomba radhi na kununua debe thelathini za kuanzia, na sijui lipi lilinitoa nyumbani asubuhi ile. Nilikodi pikapu, nikapakia zile pakiti sitini nyuma.

Nilimkuta anageuza udaga juu ya mawe, mgongo kwangu. Nilisalimia, akaitikia vizuri kabisa. Akanikaribisha ndani, akanipa kiti chenye mto, akamtuma jirani yake dukani akaniletea soda. Mimi, mke wa mdogo wake, ambaye kwa miaka yote nilikuwa naingia hadi jikoni na kujichotea uji kwenye sufuria. Soda ni ya wageni wa serikali. Niliinywa.

Nikasema niliyokwenda kusema. Nilisema nimefungua maboksi, nimeona, nilikosa, na kwamba nimesema hivyo hivyo mbele ya wale majirani wawili, jambo ambalo lilikuwa kweli. Nikasema pakiti zake sitini ziko kwenye gari. Alisikiliza akiwa ameweka mikono mapajani. Akasema amesikia. Akasema pakiti nizishushe. Kisha akauliza nataka debe ngapi.

Tulitoka nje. Alileta debe na kulikalisha kwenye turubai, akaanza kulijaza udaga. Wifi nimemwona akiuza udaga kwa watu asiowajua, kwa walevi, hata kwa mwanamke mmoja aliyemtukana mwaka juzi, na wote aliwapimia debe lenye kilima, akaongeza vipande viwili vitatu wakati wanafunga gunia. Mara hii alilijaza hadi ukingo akasimama. Vipande vya udaga havisawazishwi kwa fimbo kama mtama, vinachomoza huku na huku. Basi akainama, akavitoa vilivyochomoza kimoja kimoja kwa mkono, akavirudisha kwenye rundo, hadi debe likawa mfuto, ukingo wote unaonekana. Akamimina kwenye gunia langu. Akasema, “Moja.”

Alifanya hivyo mara thelathini. Jua lilipanda, dereva wa pikapu akaacha kuzungumza kwenye simu akabaki anatazama. Hakuna mtu wa Butiama aliyewahi kuona udaga ukipimwa namna ile. Nilitaka kumwambia inatosha, lakini ningemwambia nini kinatosha? Alikuwa ananipa nilichomfukuzia.

Gunia la mwisho lilipokuwa linafungwa, kipande kimoja, si kikubwa, kama kiganja cha mtoto, kiliteleza kutoka ukingoni mwa rundo kikaingia kwenye mdomo wa gunia. Tulikiona wote wawili. Nilishika kamba nikakaza, nikitumaini kwa nguvu zangu zote kwamba atakiacha, kwamba atageuka kutazama kule na kukiacha, kama anavyofanya kila mtu.

Alinishika mkono, akafungua kamba, akatia mkono ndani, akakitoa kile kipande. Akakipangusa vumbi, akakirudisha kwenye rundo lake.

“Hesabu tena, wifi,” akasema. “Isije ikazidi.”